Mwenye Tumbo Aitwe

Ninyi mnaoanza kazi ya ukaguzi wa nyama leo mna bahati ya kukuta maji ya bomba na ndoano za kutundikia. Sisi tulianzia kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, nje ya mji wa Dodoma, upepo wa kiangazi ukikumwagia vumbi kwenye nyama kabla hujaweka kisu. Mbwa walikuwa wengi kuliko wachinjaji. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na siku za mwanzo wachinjaji waliniuliza nimekuja kununua utumbo wa kiasi gani. Nilipowakatalia ini la kwanza wakaacha kuuliza. Baadaye waliniita Mama Mhuri, jina ambalo limenishika hadi kustaafu, na hata kanisani kuna wanaonisalimia kwa jina hilo wakidhani ndilo nililobatiziwa.

Mmeniomba niwaandikie ya kazi. Nitaandika, ila mnivumilie, maana siku hizi kila nikikumbuka kazi namkumbuka baba, na habari ya baba si nyepesi.

Nianze na mnyama akiwa hai. Wengi wenu mnadhani ukaguzi ni kisu. Kisu huja mwisho. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, simama getini, weka simu mfukoni, watazame wakitembea. Anayebaki nyuma, anayeinamisha kichwa wenzake wakicheua, aliyesimamisha manyoya, huyo mtenge. Bwana Kasimba, aliyenifundisha kazi, alinikalisha getini jioni nyingi bila kunipa kisu, nikaona ananionea. Nilipolalamika aliniambia macho yangu yana haraka kuliko ndama aliyefunguliwa, akaniacha palepale.

Kwa macho hayo ndivyo nilivyomwona baba. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nimekwenda kijijini kwetu, upande wa Mvumi, kula Krismasi. Baba yangu, Mzee Ndahani, mfugaji, alitoka kunipokea. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na ncha iliyobaki ilining'inia hadi karibu na mfuko wa suruali. Alipokaa alikalia upande mmoja. Wakati wa kula alimega tonge dogo la ugali wa uwele, akalizungusha mkononi kwa muda mrefu, halafu akawasogezea wajukuu sahani.

Nikamvuta pembeni mdogo wangu Yohana, anayefanya kazi serikalini na kuishi Ihumwa. Mama yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo baba akiwa na neno la siri humwambia Yohana.

"Mbona baba amekwisha hivi?"

"Ni bawasiri, dada. Anatoa damu chooni muda mrefu sasa. Anakunywa mizizi. Alinikataza nisikwambie, anasema hayo si mambo ya kuzungumza na binti."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Damu ya chooni haina haki ya kupewa jina na mtu aliyeiona gizani kwenye choo cha shimo. Bawasiri ipo, na watu wanapona. Lakini ipo na nyingine inayojificha nyuma ya jina hilo, inakula taratibu, na wazee wetu wa kiume wanaionea haya hadi imewamaliza. Mkisikia neno hilo nyumbani kwenu, mpelekeni mtu akapimwe.

Tulimpeleka hospitali kubwa pale Dodoma. Wakampitisha kamera, wakakata kinyama kidogo kwenda kupimwa, wakampiga picha za ile mashine ya kulala ndani. Majibu yalipotoka, daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alitutoa mimi na Yohana hadi koridoni. Baba alibaki kitandani akitazama dari.

"Ni saratani ya utumbo mpana," alisema. "Na imekwisha kutoka. Iko kwenye ini."

Aliposema ini, mimi nilimaliza hesabu yangu palepale. Nimeshika maini mengi maishani. Ini lenye mavimbe ya namna ile kwetu halijadiliwi, linakwenda shimoni. Nikasema, "Basi imekwisha." Kwa sauti ya kazini kabisa.

"Mama, hapa hatupigi mhuri," alinijibu. Alikuwa ameshaambiwa kazi yangu. "Kuponya hatuwezi, na sitawadanganya. Lakini yapo ya kufanya."

Akatueleza polepole, na akarudia pale tulipopotea. Utumbo wa mzee ulikuwa umebakiza njia nyembamba, na ukiziba kabisa atakufa vibaya, kwa maumivu makali na kutapika. Wangeweza kumpasua na kuutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, haja ikawa inaingia kwenye mfuko. Akishapata nguvu, zipo dripu za dawa ya saratani zinazotolewa hapahapa Dodoma, ambazo haziondoi ugonjwa ila zinaweza kuupunguzia mwendo, kama mwili utazikubali. Na ikiwa hataki hayo yote, ipo dawa ya maumivu ya maji, mofini, ambayo atapewa kwa vyovyote na sisi tutafundishwa kuipima nyumbani.

"La upasuaji halingojei," alisema. "Na ni yeye mwenyewe anayepaswa kukubali."

Yohana akamshika daktari mkono. "Tafadhali, usimwambie. Mzee ataanguka. Tutazungumza naye sisi."

Yule binti alitutazama wote wawili. "Nitawapa nafasi. Lakini akiniuliza sitamficha."

Sasa ngoja nirudi machinjioni kidogo, maana bila hili la pili hamtaelewa la kwanza.

Mchinjaji akijua ini lina ila, analificha. Nimewahi kukuta ini ndani ya kofia. Nimewahi kukuta ini la mbuzi limepachikwa kwenye ng'ombe, na mwenyewe anaapa kwamba ng'ombe huyo alizaliwa na ini dogo. Tulicheka hadi mhuri ukanidondoka. Lakini Bwana Kasimba hakuwa na mzaha kwenye jambo moja: ukikataa nyama, mwenye ng'ombe aitwe. Usimtumie mchinjaji wala kijana wa kufagia. Asimame mbele yako, umtazame usoni, umwonyeshe kwa ncha ya kisu ulichokiona, na umwache ashike mwenyewe akitaka. Kukataa nyama ya mtu nyuma ya mgongo wake, alisema, ni wizi.

Nilikuja kulipima neno hilo siku baba alipoleta dume lake. Lilikuwa dume la kujivunia, jekundu, alilolilea tangu ndama, na alitaka kuezekea nyumba kwa fedha yake. Nilipokata moyo nikakuta chembe za tegu. Nikakata ulimi, zimo. Nikakata misuli ya taya, zimejaa kama mchele. Wachinjaji wote waliweka visu chini wakitaka kuona Mama Mhuri atafanya nini. Nikaagiza baba aitwe. Nikamwonyesha. Aligusa kwa kidole, akafuta kidole kwenye shuka lake, akaondoka. Hakukanyaga kwangu hadi mvua zilipoanza, na alipokuja hatukulizungumzia.

Basi mtu niliyeweza kufanya hivyo, pale wodini nilishindwa. Yohana alikaa kando ya kitanda akamwambia baba kwamba ana vidonda vya tumbo, vikali kidogo, na daktari anataka kumpasua.

Baba alifikiri. "Vidonda vya tumbo hata mchungaji wetu anavyo," alisema. "Anakunywa maziwa, anahubiri. Mimi nitolewe utumbo nje kwa sababu ya vidonda? Hapana. Nirudisheni nyumbani."

Na alikuwa na haki kabisa! Kwa ugonjwa tuliompa, jibu lake lilikuwa la mtu mwenye akili timamu. Tukambembeleza, akazidi kukataa. Yohana akaniambia nje kwamba mzee ni mbishi. Nikamwambia mzee si mbishi, sisi ndio tumemuuzia ugonjwa usio wake.

Wakati huo simu hazikukatika. Ndugu wa Dar es Salaam alikuwa na unga wa mbegu fulani. Mke wa mjomba alikuwa na mtaalamu wa mizizi huko mbele ya Kongwa. Mwingine alisema India, kana kwamba India ni hapo Kibaigwa. Kila mtu alikuwa na tiba, na hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia mgonjwa. Tumbo la baba lilianza kujaa, limekaza, na alikuwa anatapika kile kidogo alichokula. Niliogopa kwa hofu ambayo sijawahi kuiona.

Mtaniuliza, kwa nini usimwambie wewe? Sisi Wagogo mtoto hamtajii mzazi kifo. Ukikitaja ni kama umekiita, na siku kikija watu watakukumbuka. Na juu ya hilo, mimi ni binti. Nitaanzaje kuzungumza na baba habari za njia yake ya haja?

Usiku haukunipa jibu. Asubuhi, nikiwa nachemsha uji wa kumpelekea, nikamkumbuka Mzee Chigwile. Huyu ni mtoto wa shangazi yake baba, na kwetu watoto wa kaka na dada ni watani. Mtani hana kosa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako ukimtazama, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Yeye na baba walianza kutaniana wakichunga ndama. Nikapanda basi la Kongwa, anakoishi.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anabangua karanga.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mama. Mbona umekuja na uso wa msiba? Ndahani amekufa?"

"Bado." Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye mfuko wa haja nikatazama chini.

Alisikiliza hadi mwisho. Akakung'uta maganda mapajani. "Yaani Ndahani aondoke, mimi sijamcheka? Haiwezekani." Akaingia ndani kuchukua fimbo yake.

Alipofika mlangoni mwa wodi hakusalimia mtu. "Wewe Ndahani! Nimekuja kuchagua ng'ombe wangu kabla wanao hawajawauza!"

Wagonjwa wote wakageuka. Yohana akainuka kwa hasira, nikamshika shati. Baba alikuwa amelala upande. Alifungua jicho moja.

"Yule mweupe humpati," alisema.

"Nitampata, na ndama wake. Una saratani tumboni, mzee. Wanao wanaogopa kukwambia, wanakudanganya vidonda, na wewe unakubali kudanganywa. Utumbo unaziba. Unataka kufa kijinga, kama ng'ombe wa mjini aliyemeza mfuko wa plastiki!"

Baba akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo kwa maumivu, machozi yakimtoka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akacheka bila kujua anachekea nini. Halafu kicheko kikaisha, na machozi yakaendelea. Chigwile akaketi mwisho wa kitanda, akaushika mguu wa baba juu ya shuka, na hakusema utani mwingine.

"Kumbe," alisema baba. Kisha akaniita. "Mama, njoo hapa karibu."

Nikasogea.

"Kule machinjioni kwako, ukiona ubaya, mwenye ng'ombe anaitwa?"

"Anaitwa, baba."

"Mimi uliniita. Nikaona kwa macho yangu. Iliniuma, lakini niliona." Akaweka kiganja juu ya tumbo lake lililovimba. "Na mwenye tumbo je?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia yote kama nilivyoelezwa koridoni, nikimtazama usoni. Nilimwambia la ini, kwamba haliponi. Nilimwambia kuhusu mfuko, na dripu, na mofini. Yohana aligeukia dirishani. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza bei mnadani, bila kuonyesha kitu.

"Nikipasuliwa," aliuliza mwishoni, "watu watakula na mimi?"

Hilo sikulitegemea. Nilidhani atauliza atabakiza muda gani. Daktari alipopita nikamwomba ajibu yeye, na akaketi akamwambia kwamba mfuko ukifungwa vizuri hakuna harufu, atakula, atatembea na atakwenda kanisani. Baba akamwambia, "Basi nipasueni." Wakamchukua siku hiyohiyo, na daktari alituambia baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu wasingemuwahi.

Kuhusu ule mfuko niwaambie machache, kwa sababu wengine mtakuja kuuguza. Ngozi ikaushwe kabisa kabla ya kubandika. Tundu likatwe liendane na utumbo wenyewe, si kubwa, la sivyo haja itachoma ngozi pembeni. Umwage ukifika theluthi, usingoje ujae. Muuguzi alishangaa mikono yangu haitetemeki nikamwambia hizi ni za kazi. Baba mwanzoni alifunika uso kwa mkono nikimhudumia. Baadaye akawa ananielekeza, akisema tundu la leo nimelikata pembe kama la fundi mlevi.

Tulipomrudisha kijijini, wazee wenzake walikuja kumwona. Ugali ulipoletwa kwenye sinia, baba alivuta kigoda chake nyuma, akasema ameshiba. Niliona, nikaumia sana. Chigwile alinyanyua sinia lote, akalibeba na mboga yake, akaliweka miguuni pa baba. Wazee wakahamia huko na vigoda vyao. Baba akamega tonge. Ndipo mfuko ukatoa sauti, ndefu, mbele ya watu wote. Mikono ikasimama.

"Mfuko wako una adabu kukushinda," alisema Chigwile. "Umesema karibuni. Wewe hujasema."

Walicheka wote, na baba akacheka zaidi yao. Kisha wakala, na alikula matonge ambayo hata Krismasi sikuyaona.

Zile dripu alizianza alipopata nguvu. Tulikuwa tunakwenda naye Dodoma, tunarudi amechoka, viganja vimekauka na kuchubuka, mdomo umejaa vidonda, anakaa kitandani hadi mwili urudi. Kwa miezi kadhaa ugonjwa ulitulia. Alitembea hadi zizini. Halafu mkanda ukaanza tena kuning'inia, na wakampiga picha nyingine.

Siku ya majibu yule daktari alikuja na bahasha. Alisimama miguuni pa kitanda, akanitazama mimi, kisha akatazama mlango. Nikainuka kumfuata. Mazoea ni kitu kigumu.

"Daktari," alisema baba. "Mwenye tumbo niko hapa."

Akarudi, akavuta kiti. Akamwambia kwamba dawa haifanyi kazi tena na kuendelea nayo kutamtesa bure. Baba akamshukuru. Akamuuliza kama atayaona mavuno ya uwele, na daktari akasema hana hakika, ila yeye asingeyangoja kama kuna jambo analotaka kulifanya.

"Basi nipeni ile ya maumivu, nirudi nyumbani," alisema baba. "Nina kazi."

Na kweli alikuwa na kazi. Aligawa ng'ombe mwenyewe, mchana, watoto wote tumesimama zizini, akitaja kila mnyama na sababu yake. Alimpeleka Yohana hadi kwenye mpaka wa shamba tuliokuwa tukiugombania na jirani, akamwita na jirani, wakapatana mbele yake. Mimi alinipa mtamba. Kwetu binti hagawiwi ng'ombe, na mmoja wa wajomba akaguna. Baba akamwambia, "Huyu ndiye aliyeniambia." Nililia pale zizini mbele ya ng'ombe na watu.

Uwele ulikuwa umeanza kuchanua alipofariki. Mofini ilimshikilia vizuri, na aliondoka akiwa kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Mazishini kwetu watani ndio wenye uwanja. Huigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea, huzuia jeneza wakidai chao, watu hucheka katikati ya kilio, na mzigo hupungua. Tulimsubiri Mzee Chigwile. Jeneza lilifika kaburini, watu wakatulia, wakamtazama. Yeye alikuwa ameegemea fimbo yake, hasemi. Mchungaji mwenyewe akamnong'oneza kwamba watu wanamngoja.

"Mimi utani wangu nilimaliza naye akiwa anasikia," alisema. Akaketi chini kwenye udongo mwekundu uliotoka shimoni, akalia kama mtu mwingine yeyote.